Nyota Iliyoingiwa na Halua

Baba yangu alikuwa mtu wa kukataa kwanza na kufikiri baadaye. Nilipomwambia kwamba kuna Mzungu amekodi nyumba Galu, na kwamba anatafuta walimu wawili wa kumsaidia hesabu za nyota wakati wa likizo, alikataa kabla sijamaliza kusema. Miaka hiyo ya hamsini, kwetu Kwale, mtu akitaja hesabu za nyota watu walielewa jambo moja tu: ramli. Unaulizwa jina lako na jina la mama yako, kisha unaambiwa ni nani aliyekufungia riziki. Baba akasema hakunisomesha ualimu Mombasa ili nije kuwa mganga wa Wazungu.

Jioni alilirudia jambo lile mwenyewe. Aliuliza kama hizo nyota ni za watu au ni za mbinguni. Nikamjibu kuwa ni za mbinguni, tena ni moja tu, na hata hiyo moja haipo. Mzungu ameitunga kichwani, ameipa uzito mara nyingi kuliko jua, na anataka kujua itaishi vipi mpaka siku itakapozeeka. Nyota isiyokuwapo haiwezi kumdhuru mtu, baba akasema, na akaniruhusu kwa sharti moja: dada yake mkubwa, shangazi yangu aliyekuwa akiishi Galu, akae barazani kwa Mzungu muda wote nitakaokuwa ndani.

Nafikiri baba alikuwa amesahau dada yake ni mtu wa namna gani. Shangazi alikuwa mjane mnene, mwenye sauti ndogo ya adabu na macho ambayo hayakuwa na adabu hata kidogo. Kumweka yeye awe mlinzi wa heshima yangu kulikuwa sawa na kumpa paka ulinzi wa samaki, na mapishi yake pia.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya makuti, kuta nyeupe, nyuma ya mivinje. Bwana, ndivyo tulivyomwita Mzungu yule, alikuwa mrefu na mwembamba, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari wake alimtuma pwani apumzike, naye akaja na sanduku la karatasi na mashine mbili za kuhesabia. Mkewe alikuja na mizani. Kila asubuhi alimpimia mumewe mkate kama mtu anayepima dhahabu, na wiki ya kwanza aliikusanya sukari yote iliyokuwa jikoni akampa shangazi, ili isikae ndani ya nyumba kumjaribu mgonjwa. Akaahidi kwamba kila wiki sukari ya mgao wao itakuwa ya shangazi. Shangazi aliipokea kwa mikono miwili na kumwombea mama yule dua ndefu.

Mwalimu wa pili alikuwa kijana wa Mkwiro aliyekuwa akisomesha wavulana palepale Kwale. Nilikuwa nikimwona njiani, akitembea mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Siku ya kwanza aliniamkia vizuri, kisha akamnong'oneza mpishi jambo kwa Kivumba, lahaja ya kwao, akidhani sitaelewa. Alisema kwamba yule bibi mwalimu atachoka kabla ya adhuhuri. Nikamjibu kwa Kidigo, taratibu, kwamba kuna watu huchoka kabla hawajaanza. Basi, huo ndio ulikuwa mwanzo wetu.

Bwana alitukalisha barazani atueleze kazi. Kiswahili chake alikipata Nairobi, na kilikuwa kama gari lililopoteza magurudumu mawili: "Hii nyota iko na moto mingi sana ndani." Lakini alijua kufundisha. Aliweka sufuria ya maji juu ya stovu, akatia majani machache ya chai, akatuambia tungoje. Maji yalipopata moto majani yakaanza kupanda katikati, yakasambaa juu, yakashuka pembeni, yakapanda tena. Katika nyota nzito, akasema, kiini hufanya hivyo hivyo. Moto wa katikati ni mkali mno, mwanga peke yake hauwezi kuutoa nje, kwa hiyo maada yenyewe inachemka: iliyo moto inapanda, iliyopoa inashuka.

Shangazi, aliyekuwa akisuka ukili wa mkeka kwenye pembe ya baraza, aliuliza ni nani anayekoroga. Nikamtafsiria Bwana. Akajibu kwamba hakuna mwiko, joto lenyewe ndilo linalokoroga. Shangazi akatikisa kichwa kwa heshima kubwa na kuniambia chinichini kwamba chakula kisichokorogwa na mtu yeye hali.

Kilichomsumbua Bwana ni umri. Nyota inaishi kwa kuichoma haidrojeni, na majivu yake ni heliamu. Katika jua letu kiini hakichemki, kwa hiyo majivu yanabaki palepale yalipozaliwa, na haidrojeni huanza kumalizika pale katikati kabisa, kidogokidogo. Katika nyota nzito mchemko unayachanganya majivu katika kiini chote na kuteremsha haidrojeni mpya mpaka katikati. Kwa hiyo moto unapata chakula kwa muda mrefu kuliko ambao ungepata bila kukorogwa. Ila kuna adhabu yake: haidrojeni ikimalizika, inamalizika katika kiini kizima kwa pamoja. Hapo kiini kinajikunja, tabaka za nje zinavimba, na nyota inageuka kuwa kubwa na nyekundu. Kila kitu kinategemea mpaka wa ule mchemko uko wapi. Kiini kinachochemka kikiwa kikubwa, chakula ni kingi na maisha ni marefu. Kikiwa kidogo, ni kinyume chake.

Kuutafuta mpaka huo ndiko kulikohitaji watu wawili. Mmoja angeanza hesabu juu ya ngozi ya nyota, ashuke tabaka kwa tabaka. Mwingine angeanza katikati kabisa, apande. Mpakani wakutane, na joto la huyu lilingane na joto la yule, mgandamizo kadhalika. Kijana wa Mkwiro alipewa ngozi, akawekwa chumba cha kulia. Mimi nilipewa kiini, nikawekwa chumba kidogo cha nyuma, dirisha lake likitazama upande wa jiko. Kila mmoja alikuwa na mashine yake ya chuma yenye mpini wa kuzungusha, na mwiko mmoja mkubwa: tusiambiane tarakimu. Bwana aliamini kwamba watu wawili wakijua majibu ya wenzao, hesabu zao huanza kupendana kabla ya wakati.

Kuhusu hesabu tulitii. Mengine hatukukatazwa. Kijana yule akipita dirishani kwangu kwenda kunywa maji alikuwa akisimama na kuuliza kwa sauti ya msibani, "Kiini hakijambo?" Nami nilikuwa nikimjibu kwamba kiini kinaendelea vizuri, ni ngozi ndiyo tunayosikia imeoza. Shangazi alijifanya hasikii, na siku ambayo kijana hakupita aliuliza kama anaumwa.

Nje ya nyumba sifa zetu zilikuwa zimeenea vingine kabisa. Wanawake wa Galu walikuja mlango wa nyuma kumwuliza shangazi kama Mzungu anaweza kuwatazamia nyota za waume zao. Shangazi hakutaka kumsumbua Bwana kwa mambo madogo. Aliwajibu yeye mwenyewe. Mmoja aliambiwa kwamba nyota ya mumewe ina uzito mkubwa mbele kuliko nyuma, na kwamba apunguziwe nazi. Yule mama alikwenda zake ameridhika.

Kisha tukafika mpakani, na hesabu zikakataa kuonana.

Bwana aliziweka karatasi zangu na za kijana upande kwa upande, akazitazama, akavua miwani, akaivaa tena. Kiini changu kilikuwa kimekomea ndani mno. Baina ya mwisho wangu na mwisho wa mwenzangu palikuwa na nafasi ambayo haikuwa na mwenyewe. Tukaambiwa turudie. Nikarudia, nikapata jibu jingine, halikuwa la kwanza wala halikuwa la kijana. Nikarudia tena. Jambo la ajabu ni kwamba nilipofanya hesabu asubuhi mapema zilitoka kombo, na nilipozifanya hesabu zilezile jua likiwa limepanda, zilikaribia kunyooka. Sijawahi kusikia hesabu inayojali saa. Nilianza kuogopa kwamba ni kichwa changu.

Kijana hakunisaidia. Alisema kwa upole mkubwa, mbele ya shangazi, kwamba huenda nyota yangu si mtu wa asubuhi. Nikamwambia kwamba yake inajulikana hata mchana inalala. Lakini nilirudi chumbani nikalia kidogo, nikajipangusa kwa leso, nikaanza upya kutoka tabaka la kwanza. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika walimu wote wa hesabu niliowajua, na nilijua kwamba nikikosea, haitasemwa nimekosea mimi tu, bali wanawake wote.

Bwana, kwa upande wake, hakuwa na huzuni. Alikuwa amepata wazo. Siku moja alitukusanya, macho yanang'aa, akasema huenda hesabu hazina kosa. Maada inayochemka, akaeleza, ikifika mpakani haisimami ghafla kama askari. Ina mwendo wake, kwa hiyo inavuka kidogo, inaingia katika tabaka tulivu na kuchukua huko haidrojeni zaidi. Ile nafasi isiyo na mwenyewe, basi, ni mahali ambapo mchemko unavuka mpaka. Nyota itaishi zaidi ya vile watu wanavyodhani. Alizungumza mpaka chai yake ikapoa. Kijana wa Mkwiro akasema hata yeye amewaona watu wa namna hiyo, wakishaanza kukimbia hawajui kusimama, na akanitazama mimi.

Baada ya hapo Bwana hakutaka tena nirudie. Alitaka makosa yangu yabaki jinsi yalivyo. Mimi nilibaki na mashaka, kwa sababu maada inayochemka ndani ya nyota haijui kama huku Galu ni asubuhi au ni mchana.

Meza zote za nyumba ile zilikuwa zimesimamishwa ndani ya makopo ya maji, mguu mmoja kopo moja, ili wadudu wasipande. Asubuhi moja nilikuta kopo la mguu mmoja wa meza yangu limekauka. Msafara wa chungu, wale sisimizi wadogo, ulikuwa umepanda, umevuka karatasi za tabaka la ishirini na kitu bila kuzitazama, na umeingia moja kwa moja ndani ya mashine. Wengine walikuwa wakitoka. Waliotoka walikuwa wamebeba.

Nilimwita kijana, kwa kuwa baba yake alikuwa fundi wa injini na yeye alijua kushika bisibisi. Tulifunua kifuniko cha mashine taratibu. Ndani, kati ya magurudumu ya tarakimu, pale gurudumu moja linapotakiwa kumsukuma jirani yake kila likipita tisa, palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, kinachong'aa. Asubuhi kilikuwa kimeganda na meno hayasukumani. Jua likipanda kinalainika, na mashine inarudiwa na akili yake. Kijana alikigusa kwa kidole, akakinusa, akanipa na mimi ninuse. Kilinukia iliki na zafarani.

Katika pwani yote niliyoijua kulikuwa na mtu mmoja tu aliyetia iliki nyingi kiasi kile.

Nikatoka barazani. Shangazi aliendelea kusuka. Nikamwuliza kama anajua halua yake imefikaje ndani ya kiini cha nyota.

Alinitazama kwa utulivu, akakaza msuko wake, akasema: "Siri ya mtu ni amana, mwanangu. Na mimi sikuulizwa habari za mashine."

Ikawa hivi. Kila adhuhuri mimi nilikuwa nikienda nyumba ya jirani kuswali, na mke wa Bwana alikuwa akishuka ufukweni kuokota makombe. Shangazi, aliyekuwa akiswali juu ya mkeka wake palepale barazani, akimaliza alizunguka nyuma na kupitisha kipande cha halua dirishani kwangu, kimefungwa katika jani la mgomba. Bwana alikuwa akiingia chumbani mwangu kukagua karatasi. Alikula juu ya mashine kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kusimama ambapo mkewe hangemwona akirudi ghafla. Na sukari iliyopikiwa halua ile ilikuwa ni ile aliyopewa shangazi na mke wa Bwana, kila wiki, kwa mikono yake mwenyewe.

Nilimwuliza shangazi kwa nini ameniacha nihangaike vile, hata nikalia. Hapo uso wake ulibadilika kidogo. Alisema hakujua kama nimelia. Alijua tu kwamba mimi na yule kijana tunabishana, na ubishi ule aliuona una heri, hakutaka kuukatiza.

Bwana aliletwa mbele ya mashine baada ya adhuhuri. Alipoinama akaona, masharubu yake yakacheza. "Hii ni chungu," akasema.

"Ndiyo, Bwana," kijana akajibu. "Nao wamevuka mpaka."

Wakati huohuo mke wa Bwana akaingia, kikapu cha makombe mkononi, akauliza harufu hii nzuri ni ya nini. Nilimwona shangazi akivuta pumzi. Akajitokeza mlangoni, akaishusha sauti yake ya adabu, akasema kwamba ni yeye, mama amsamehe, aliingia chumbani akala pale, ni uroho wa uzee tu. Lilikuwa ni jambo la kiungwana, na lingeweza kupita kama Bwana asingekuwa na zafarani kwenye sharubu la kushoto.

Mama yule alimtazama shangazi, akamtazama mumewe, akaitazama mashine. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, ili sote tusikie:

"Sukari yangu imerudi nyumbani."

Hakupiga kelele. Alicheka baadaye, jikoni, tulimsikia, lakini alicheka akiwa anapima mkate mdogo zaidi. Sukari ya wiki iliyofuata ilipelekwa madrasa, na nasikia watoto walihudhuria vizuri.

Tuliisafisha mashine kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku. Nikaanza upya kutoka katikati. Safari hii kiini kilipanda tabaka baada ya tabaka bila wasiwasi, asubuhi na mchana sawasawa, na nilipofika mpakani Bwana aliweka karatasi zetu pamoja. Zilikutana. Joto la huyu na joto la yule, mgandamizo wa huyu na wa yule, mpaka tarakimu ya mwisho tuliyoweza kuiamini. Bwana alitupa mkono wa pongezi, kisha akazikunja zile kurasa za mchemko unaovuka mpaka, akaziweka chini kabisa ya sanduku. Niliona zinamuuma. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wataalamu wanalishughulikia jambo lilelile, kwamba mchemko wa kiini kweli huenda unavuka mpaka wake na kuirefushia nyota maisha, na wanabishana ni kwa kiasi gani. Kwa hiyo yawezekana mzee yule alikuwa na haki, ila ushahidi wake ulikuwa wa halua.

Siku za mwisho za likizo hapakuwa tena na sababu ya kututenga. Bwana alituruhusu tukae chumba kimoja, mlango wazi na shangazi akituona, tuifuate nyota katika uzee wake. Kila hatua tulipunguza haidrojeni ya kiini na kuongeza heliamu, na kila hatua ule mchemko ulijikusanya ukawa mdogo kidogo kuliko mwanzo. Mimi nilisoma, yeye akazungusha mpini. Ajabu ni kwamba hatukutaniana. Haidrojeni ilipokaribia kwisha, kijana aliacha kuzungusha, akauliza kama tunaweza kungoja mpaka kesho. Nikamwambia tungoje.

Kesho yake tuliimaliza. Kiini kizima kiliishiwa kwa pamoja, jinsi tulivyoambiwa, na Bwana akapiga mstari chini ya ukurasa. Nikahisi kama nimetoka mazishini. Kijana akaniuliza nikishamaliza hapa nitakwenda wapi, akijua fika kwamba ninarudi Kwale, na kwamba shule yangu na yake zinatazamana. Nikamwambia ninarudi Kwale. Akasema yeye pia. Shangazi akakohoa barazani, bila kuumwa kifua.

Wajomba zake walikuja kuleta posa kabla ya mvua. Baba alikataa, kwa hoja kwamba Mkwiro ni ng'ambo ya maji na yeye hapendi kupanda chombo kwenda kumwona mwanawe. Wajomba waliondoka kwa adabu, wakala njiani kwa shangazi, wakalala huko. Siku ya pili baba akatuma mtu awaulize kama huyo kijana yuko tayari kuishi bara.

Tulioana Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, tukapangiwa kufundisha Msambweni, katika nyumba ya vyumba viwili iliyovuja upande mmoja. Wiki ya kwanza tuligombana kuhusu kitanda kiwekwe wapi ili kisinyeshewe. Yeye alipima kutoka ukutani, mimi nilipima kutoka katikati ya chumba. Tukapata majibu mawili, na ilipokuja mvua tukanyeshewa sote.